Aliyekaa Nafasi ya Baba

Baba yangu nilimjua zaidi kwa sauti. Aliondoka Likasi kwenda Marekani nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, mama yangu akiwa amekwisha kufa, na alirudi mara moja tu, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, kwa majuma mawili. Majuma hayo nilimfuata kila mahali, hata alipokwenda kunyolewa. Kisha akawa tena sauti. Kila Jumapili baada ya ibada, kwake asubuhi, kwetu mchana, simu ililia, na kambo, yaani bibi yangu aliyenilea, alinituma ninawe uso kwanza, kana kwamba baba angeuona.

Alipopata uraia wa kule aliandika ombi la kunichukua. Maombi ya namna hiyo yana foleni ya miaka, lakini mimi ni mtu wa kuota, foleni haikunichosha. Ninashona katika karakana ya mama mmoja karibu na stesheni, na huku mguu unakanyaga cherehani, kichwani nilikuwa nimekwisha kushona makoti matatu ya theluji. La kijani ndilo lilikuwa zuri kuliko yote. Kambo alikufa, nikabaki peke yangu katika chumba chetu cha nyumba za kampuni huko Shituru, na bado niliendelea na makoti yangu.

Halafu baba naye akafa. Moyo, walisema. Alikuwa anavaa viatu aende kazini.

Aliyenipa habari ni mdogo wangu, binti ambaye baba alizaa na mke wa kule. Ana miaka ishirini, mimi nina ishirini na mitatu, na siku hiyo ndiyo tulizungumza kwa mara ya kwanza. Kiswahili alifundishwa na baba peke yake, kwa hiyo msichana yule anaongea kama mzee wa Shituru.

"Yaya," aliniambia, ndivyo huku tunavyomwita dada mkubwa, "papa anakufa. Leo asubui."

Nilisikia maneno ya baba yakitoka katika koo la msichana, na kwa muda mfupi nilidhani ni baba mwenyewe ananitania.

Tulifanya kilio bila mwili. Tuliweka picha yake kwenye kiti uani, tukaililia. Baada ya majuma machache mdogo wangu alipiga tena. Barua ilikuwa imefika nyumbani kwao. Aliisoma kwa Kiingereza, akanieleza polepole: "Banasema dosie ya ombi yako inakufa na papa. Lakini kama kuko muntu wa kukamata nafasi yake, tunaweza kuomba iendelee."

Sasa, upande wa baba, mtu mzima akifa ukoo hauachi nafasi yake wazi. Tunaita kupyana. Ndugu mmoja anachaguliwa, anakalishwa juu ya mkeka, anakunywa maji, anavishwa nguo ya marehemu, na tangu siku hiyo yeye ndiye. Wajane wakimsalimia wanasalimia marehemu. Watoto wa marehemu ni watoto wake. Niliporudia maneno ya barua mbele ya familia, shangazi alipiga kofi gotini.

"Kumbe Bazungu nabo banapyana," akasema. "Na shiye tulizani ni bantu ba hivihivi tu."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli kabisa. Hata mimi niliona ni jambo la wazi.

Wakamchagua baba mdogo, aliyefuatana na baba kuzaliwa. Alifanya kazi ya reli mpaka alipostaafu, anakaa na mkewe safu mbili za nyumba kutoka kwangu. Baba alikuwa ameacha koti moja kwa kambo, na baba mdogo ni mwembamba, hivyo usiku wa kuamkia sherehe nilipunguza mikono na kubana mabega. Alikaa juu ya mkeka akiwa amenyooka kama anapigwa picha ya pasipoti. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mulungwishi aliandika hati ya baraza la ukoo kwa Kifaransa kizuri sana, wote wakatia saini, wawili wakatia dole gumba, na mkuu wa mtaa akagonga muhuri. Nilimpelekea mdogo wangu hati hiyo pamoja na picha ya baba mdogo ndani ya koti, naye akaituma kama ilivyo. Hakujua zaidi yetu.

Tukangoja. Na baba mdogo akaanza kazi yake.

Kila jioni alikuja kwangu. Aliangalia kitasa cha mlango, akainama kutazama sufuria. "Unakula?" Nikisema ndiyo, aliuliza nimekula nini. Siku moja alimkuta kijana amesimama mlangoni.

"Ule ni wa nani?"

"Ni mteja, papa. Anangojea suruali."

"Suruali gani ya kungojea siku tatu?"

"Ina mifuko mingi."

"Basi uishone bila mifuko," akasema, na yule kijana hakurudi tena kuichukua mwenyewe. Alimtuma dada yake. Nilicheka peke yangu jioni nzima. Sikuwahi kuwa na mtu wa kunifukuzia vijana. Nilianza kupika bukari, ugali wetu, kwa watu wawili, na sombe, yaani kisamvu, yenye pilipili kama anavyoipenda.

Jibu lilichukua miezi. Walisema wamepokea hati yetu lakini haiwezi kusaidia. Wa kuchukua nafasi ya marehemu sharti awe anaishi kule, awe na uraia au karatasi za kukaa, na awe jamaa wa karibu kwa orodha yao: mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye, na wengine wachache. Nilimsomea baba mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo minye siwatoshe?"

"Huku unatosha, papa. Ni kule tu."

"Aa." Akatazama nje. "Basi tafuta wa kule."

Wa kule aliye wa damu yangu alikuwa mmoja tu, na alikuwa mdogo wangu. Jumapili nilimpigia. Nilikuwa nimejiandikia maneno kwenye karatasi, nikayasoma vibaya. Akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza.

"Yaya, papa haiko. Unakuya kutafuta nini?"

Miaka yote nilikuwa nafunga mizigo ya kwenda kwa mtu. Sasa yule mtu ameondoka, na mimi bado nafunga mizigo. Nikamwambia kweli, kwamba sijui, labda nione mahali alipokuwa anakaa akinipigia simu.

"Ni katika chumba," akasema. "Alikuwa anafunga mlango. Minye kwa inje nilikuwa nasikia anacheka. Na minye hakukuwa anacheka vile."

Kumbe wakati wote nilipokuwa namwonea wivu yeye wa kukaa naye, yeye alikuwa upande wa pili wa mlango akinionea wivu mimi. Mwishoni akasema atatia saini kukaa nafasi ya baba, kesho yake asubuhi ataanza kutafuta karatasi. Nikamshukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni. Sikujua bado namna nyingine.

Mama mmoja wa kanisa lao, anayezijua karatasi hizo, alimwambia mdogo wangu kwamba nieleze kwa nini itakuwa vigumu nikikataliwa, na nitie cheti cha komini, yaani manispaa, kwamba sina baba wala mama. Cheti kinahitaji shahidi wa ukoo, mtu mzima mwanamume. Wengine walikuwa wamerudi vijijini upande wa Mwadingusha. Aliyebaki ni mmoja.

Nilimweleza jioni, mbele ya sufuria. Aliendelea kula, akamaliza, akanawa mikono. "Kesho saa ngapi?" akauliza tu.

Alikuja amevaa koti. Nilitaka kumwambia alivue, sikuweza. Karani alikuwa kijana mwenye haraka, hakuinua kichwa.

"Papa, weye ni nani kwake?"

Miezi ile yote baba mdogo alikuwa amewaambia watu wote kwamba mimi ni binti yake: fundi baiskeli, mwuza mkaa, mchungaji, hata watu ambao hawakuuliza. Alinitazama, kisha akatazama meza.

"Minye ni mudogo wa baba yake."

"Na baba yake?"

"Alikufa."

"Hakuna mwingine mwenye kukaa nafasi yake?"

Karani aliuliza kwa kuwa ni mtoto wa hapa, anajua mambo yetu. Kalamu yake ilikuwa hewani. Nilijitazama vidole.

"Hakuna," baba mdogo akasema. "Huyu mutoto iko peke yake."

Kalamu ikashuka. Alitia saini taratibu, herufi moja moja, kama mtu asiyetaka kukosea. Njiani alitangulia mbele yangu mpaka tulipovuka reli, akasema ana kazi shambani, akaenda upande wake.

Jioni ile hakuja. Wala ya pili, wala wiki ile yote. Mkewe nilipokutana naye bombani alisema hana ugonjwa. Nilipika bukari ya watu wawili siku tatu, halafu nikapunguza unga. Katika barua yangu ya Kiingereza, aliyonitafsiria mdogo wangu, iliandikwa kwamba sina mtu, na nilipoandika niliona nadanganya kidogo. Siku ilipotumwa haikuwa uongo tena.

Habari ilifika Jumatano nikiwa karakanani, katikati ya kola. Mdogo wangu aliandika: wamekubali, faili imefunguliwa tena, tutangoja foleni palepale alipoiacha papa. Nilisoma mara nne. Nilitaka kumwambia mtu, nikatazama wenzangu, kila mmoja yuko na kitambaa chake, nikamalizia kola. Koti la kijani halikunijia kichwani kabisa.

Nilipofungua mlango wa kwangu sikuingia. Nilipita nyuma ya reli mpaka kwenye shamba lake la mahindi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, naye alikuwa anainua matuta, shati tu, mgongo umelowa. Nilisimama mwisho wa mstari.

"Bananiitika," nikasema. "Kule."

Akasimamisha jembe. "Unaenda siku gani?"

"Sijui. Kuko foleni. Inaweza kuwa miaka mitatu, inaweza kuwa sita."

Alifikiri, akajipangusa paji la uso kwa mkono wenye udongo.

"Kumbe si kesho," akasema. "Kamata jembe la mama yako mudogo, liko pale. Ule mustari ni wako."

Nikavua viatu. Udongo ulikuwa baridi, mgumu chini ya tabaka la juu. Tulilima, yeye akitangulia, na kila alipofika mwisho wa mstari wake aligeuka kutazama kama matuta yangu yamenyooka.