Gunia la Ng'ombe

Nakumbuka mavuno ya mwaka mmoja kule Kitale, na laiti ningeweza kuyasahau. Mvua ilikuwa imeyakuta mahindi yetu yamekatwa na kusimamishwa shambani, ikanyesha wiki mbili bila huruma. Tulipoyapukuchua tukayachambua kama majirani wote: mazuri ya kuuza, yaliyobadilika rangi kidogo ya kula nyumbani, na yenye ukungu wa kijani tukayatia kwenye gunia la ng'ombe, tukawa tunamlisha kila siku. Kutupa chakula ni dhambi, mwanangu, ndivyo tulivyolelewa.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, na mgongoni nilimbeba Wekesa, mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alituacha mtoto akiwa na miezi miwili, nikaachiwa mimi kulea. Nilimnywesha maziwa ya ng'ombe wetu asubuhi, mchana na jioni. Niliyachemsha mara mbili, nikajiona mlezi hodari. Lakini mtoto hakuongezeka. Alibaki mwepesi vilevile, hata kilio chake kilikuwa kidogo.

Miezi michache baada ya mavuno, nyanya yetu, Kukhu Nasimiyu, akaja kutoka Bungoma kumwona. Hata chai hakungoja. Alisimama mlangoni pa stoo, akatia mkono kwenye lile gunia, akanusa.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya ng'ombe, kukhu."

"Na maziwa ya ng'ombe ni ya nani?"

"Lakini si mimi huchemsha, kukhu? Tena mara mbili."

"Chemsha mpaka kuni ziishe! Sumu ya ukungu haisikii moto. Bwana mifugo alituambia huko Naitiri: ng'ombe anakula, inapita kwa maziwa, mtoto anakunywa. Ati kwa sababu ng'ombe ako sawa, unafikiri mtoto pia ako sawa?"

Akachukua sufuria, akamwaga maziwa yote. Nilikasirika, nisikudanganye. Lakini gunia tulilifukia, na maziwa ya mtoto tukawa tunaomba kwa jirani aliyelisha ng'ombe wake nyasi tupu.

Wekesa alikua, Mungu ashukuriwe, na leo ni baba wa watoto. Ila mwili ulibaki mdogo. Kama ni maziwa yale au ni kumkosa mama, hakuna aliyeweza kuniambia, nami nimechoka kujiuliza. Wenzake wakimtania ufupi wake, yeye hucheka. Mimi huondoka nikaoshe vyombo, maana habari ya gunia lile sijamwambia hadi leo.

Juzi nilikuja kwako Kanduyi kumwona mtoto wako mchanga. Nikaona beseni la mahindi yenye ukungu kando ya stoo. "Hayo ni ya ng'ombe, mama," ukaniambia, ukicheka. Nikaaga, nikarudi nyumbani. Miaka yote hii, na maneno ni yale yale.

Sasa nasema. Cha kuvunda hakina ubani. Yaanike mahindi mpaka yakauke kweli, na yaliyoshika ukungu yafukie, usimpe ng'ombe wala kuku. Mkeo anayenyonyesha naye asiyale, maana maziwa ya mama ni njia ile ile. Kupoteza beseni moja kutakuuma siku mbili. Hili langu limeniuma maisha yangu yote.

Mungu akubarikie mtoto huyo, mwanangu. Ale, anenepe, arefuke akupite kimo, na akutunze uzeeni bila wewe kuwa na la kumficha.