Mkamuaji Aliyeuzima Mtambo kwa Usafi

Saa kumi na mbili asubuhi, mkamuaji amekunja sketi magotini, anasukuma kinyesi kwa reki ya mpira kuelekea mferejini. Ng'ombe kumi na mmoja wanamtazama kama wageni wanaongoja chai.

"Sogea, bibi harusi," anamwambia mmoja, akimpiga kikofi mgongoni. "Leo hatuna muda wa madaha."

Mfereji unateremka hadi kwenye mtambo wa biogesi uliofukiwa nyuma ya zizi. Umejengwa kwa ruzuku ya serikali, inayowasaidia wafugaji kunasa hewa ya samadi inayoipasha dunia joto na kuigeuza moto wa jikoni. Nusu ya ruzuku hutolewa mwanzoni, nusu afisa akishaona moto unawaka. Moto usipowaka, shangazi yake, mwenye shamba, atauza ng'ombe wanne kumlipa fundi aliyeujenga.

Wiki tatu kabla ya ukaguzi, jiko lilizimika.

Shangazi akampigia simu fundi, akamfokea hadi sauti ikamkauka. Fundi akaja, akapima mabomba yote. Hakuna lililovuja.

"Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu," anasema mkamuaji, mama wa watoto watatu aliyeishia darasa la saba. "Baba wa watu anatukanwa, na mharibifu ni mimi."

Usafi ndio uliomponza. Akitaka sakafu ing'ae mbele ya wakubwa, alimwaga dumu zima la dawa ya kuua vijidudu, akasugua, akasuuza. Maji yote yakaingia mtamboni, yakaua na vile vijidudu vinavyotengeneza gesi.

Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Shangazi, mwache fundi. Ni mimi, na ile dawa ya sakafu."

"Yaani umeosha mpaka umeua?" Shangazi hakujua acheke au alie.

Fundi ndiye aliyecheka. "Tumbo la mtambo limechafuka tu, dada. Tupunguze yaliyomo, halafu uulishe taratibu uji wa samadi kutoka mtambo ulio hai."

Mtambo ulio hai ulikuwa kwa jirani, mwendo wa nusu saa. Kwa siku nane, akishamaliza kukamua, alikwenda na kurudi na ndoo mbili, mara nne kwa siku. Majirani wakamtania, "Mwenzetu, siku hizi mavi yanaazimwa?" Akawajibu, "Na nitayarudisha!"

Siku ya ukaguzi, afisa aliwasha kiberiti. Kijiti cha kwanza kikazimika. Cha pili pia. Shangazi akafumba macho. Cha tatu kikashika, moto wa buluu ukalizunguka jiko, na sufuria ikabandikwa hapo hapo.

Sasa mkamuaji ana ng'ombe wake wawili, na fomu ya kuomba ruzuku yake mwenyewe ameshaijaza. Palipoulizwa uzoefu wake na mitambo ya gesi, ameandika kwa herufi kubwa:

"NIMESHAUA MMOJA, NIKAUFUFUA."