Kuni za Mama Dorini

Mafinga nzima ilijua kuwa Bibie anakwenda Uingereza, na kila mtu alikuwa na la kumshauri kuhusu baridi. Madereva wa malori ya mbao, wale wanaokula wali na maharage kwenye mgahawa wake, walimwapia kuwa atarudi amekauka kama kambale. Violet, mwenzake wa jikoni, alimfumia soksi za sufu zinazofika magotini. Basi Bibie akafika kule mwezi wa tano, akatoka nje ya uwanja wa ndege, akavuta pumzi moja, akacheka peke yake. Hii ndiyo baridi waliyokuwa wanamtishia? Mbona ni Mafinga ya asubuhi tu.

Alikwenda kumwona binti yake, Shufaa, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja huko, na ambaye alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe, Idrisa, ni dereva wa lori la masafa marefu, leo yupo, kesho hayupo. Walipanga nyumba ndogo mwisho wa kijiji, pale lami inapoishia na msitu unapoanza. Mtoto alitarajiwa mwezi wa nane. Bibie asingeweza kumsubiri, kwa sababu mama yake mzazi, Bi Mwanaidi, mtu mzima wa kushikwa mkono hata kwenda uani, alikuwa ameachwa Mafinga mikononi mwa majirani, na majirani nao wana mambo yao.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Siku ya pili tu, akiwa anamenya viazi, Bibie aliuliza swali lililomkereketa tangu Mafinga.

"Shufaa, siku uchungu ukikushika na Idrisa yuko safarini, utambishia hodi nani?"

"Nitapiga simu, mama. Gari la wagonjwa linakuja."

"Sijauliza gari. Nimeuliza mtu."

Shufaa akachukua kiazi naye akaanza kumenya. Alikuwa ameishi pale mwaka na zaidi, na hakumjua hata jirani mmoja kwa jina. "Huku watu hawaingiliani, mama. Kila mtu na mlango wake."

"Basi tunarudi wote. Utajifungulia nyumbani, kwenye watu."

Aliyasema kwa sauti ya chini, na Shufaa anamjua mama yake: akipandisha sauti ni mzaha, akishusha ujue masanduku yanafungwa. Lakini kuna kazi, kuna mume, ataondokaje? Akaingia chumbani akafunga mlango. Bibie alimaliza viazi peke yake huku moyo unamuuma, maana hakuvuka bahari yote ile kuja kugombana na mwanawe.

Kesho yake, kurudisha amani, Shufaa alimpeleka kutembea msituni. Bibie alikwenda na dharau kidogo. Mtu wa Mafinga umwonyeshe miti? Amekulia ubavuni mwa msitu wa Sao Hill, analala na kuamka na harufu ya misonobari na kelele za mashine za kupasua mbao. Lakini msitu huu ulimchanganya. Kwao miti husimama kwa mistari kama wanafunzi paredi. Hapa kila mti ulisimama ulipopenda, mwingine umeanguka ubavu na bado unachipua, na hakuna aliyeugusa. Chini yake ardhi yote ilikuwa imefunikwa na maua ya bluu, mengi kupita kiasi. Hapakuwa na sauti isipokuwa ndege, na maji kidogo yakipita mahali.

"Hawa watu hawana msumeno?" akauliza.

Walitokea upande wa pili, kwenye mashamba, na huko Bibie akapata ya kumsimulia Violet mwaka mzima. Kondoo wamejaa kilima bila mchungaji. Farasi kavishwa koti. Njia ya watu wote imekata katikati ya ngano ya mtu, na mwenye shamba hajatoka na rungu. Ingekuwa Usangu, wanakogombana wakulima na wafugaji, akasema, hapa pangeshakuwa na kesi.

Ila kilichomfurahisha kuliko vyote ni salamu. Kijijini watu walipita wakitazama viatu vyao, lakini humu msituni kila waliyekutana naye, mwenye mbwa na asiye na mbwa, alitabasamu na kuwasalimu.

"Kumbe salamu wanazo!" Bibie akashangaa. "Ila wamezificha msituni."

Naye akaanza kuwajibu, "Kamwene! Kamwene!" kwa sauti ya gulioni. Asili yao ni Pwani, babu zake walipanda Iringa na biashara ya nguo, lakini akiona miti Kihehe humjia chenyewe. Na Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabia tu. Hakuna aliyelalamika.

Ukingoni mwa msitu palikuwa na benchi jipya la mbao, na mama mmoja mtu mzima, mwembamba, amekaa peke yake. Bibie akajiachia pembeni yake kama wamejuana miaka. Akapapasa mbao, akaikubali. Kwenye egemeo palikuwa na kibao kidogo cha shaba. Shufaa akakisoma, na sauti yake ikashuka.

"Ni jina la marehemu, mama. Huku mtu akifa, ndugu zake wanaweza kumwekea benchi mahali alipopenda kukaa."

Yule mama akasema neno, polepole. Ni mume wake, Shufaa akatafsiri. Alifariki wakati wa baridi kali. Yeye mwenyewe anaitwa Dorini.

"Dorini! Jina la kwetu kabisa," Bibie akasema. "Muulize anakaa wapi."

Shufaa akauliza, akajibiwa, kisha akatazama chini. "Ule mlango mwekundu, mama. Mkabala na kwetu."

Njia nzima ya kurudi Bibie hakuyaona tena maua. "Msiba uko ng'ambo ya barabara, na wewe hujaenda kuhani?"

"Sikujua, mama. Niliona magari meusi tu. Na hakuna aliyenialika."

"Msiba una kadi?"

Sasa, Mafinga pakitokea msiba wanawake hawaendi mikono mitupu. Huyu atapeleka unga, yule sukari, na wenye shingo imara watapeleka kuni, maana nyumba yenye watu inapika na moto hautakiwi kuzimika. Kuni hizo hizo hupelekewa mzazi aliyetoka kujifungua, apate uji na maji ya moto. Mwislamu, Mkatoliki, Mlutheri, hapo hawatofautiani. Ukiona mzigo wa kuni mlangoni, unajua nyumba ile ina watu.

Asubuhi, Shufaa akiwa bado hajarudi zamu ya usiku, Bibie akaingia msituni. Alifuata sheria zote alizozijua. Hakubeba panga. Hakugusa mti uliosimama. Alitafuta bwana misitu wa kumsalimu kwanza, akamkosa, akaokota matawi makavu yaliyoanguka, akayapanga, akayafunga kwa kanga yake ya manjano. Akasokota kitenge kuwa ngata, akajitwika, akatoka mikono imeachia na moyo mweupe. Mwili ulimkumbuka msichana aliyekuwa zamani.

Kwenye lango la msitu akakutana na bwana misitu mwenyewe, mwenye kofia na buti, anaongea na kunyoosha kidole kwenye mzigo. "Kamwene," Bibie akamwambia kwa heshima zote. Yule bwana akazidi kuongea. Ndipo Shufaa akatokea barabarani, bado na sare ya hospitali, akaona, akashika mdomo.

"Mama! Anasema matawi yaliyoanguka hayaokotwi. Yanaachiwa wadudu."

"Wadudu?"

"Wanakaa humo. Halafu ndege wanakula wadudu."

Bibie akalifikiria hilo akiwa na mzigo wake kichwani. Hakutaka ugomvi na ndege wa watu. "Mwambie samahani, kwetu kuni kavu zinaruhusiwa. Na mwambie ni za msiba wa Mama Dorini."

Yule bwana aliposikia jina hilo akashusha kidole. Akavua kofia. Kisha akasema hizi ziende, ila siku nyingine waje kwake, ana vipande vilivyokatwa vimekaa tu ghalani. Akawafungulia lango mwenyewe.

"Mama, nakuomba," Shufaa alinong'ona wakivuka barabara. "Huku huwezi kwenda kwa mtu na kuni kichwani. Watatucheka."

"Wacheke. Msibani wanachekaga pia."

Mlango mwekundu ukafunguliwa. Bibie akatua mzigo, akashika mikono yote miwili ya Dorini, akasema, "Pole. Pole sana, mama." Halafu akafanya anachofanya kila msibani: akapita moja kwa moja jikoni, akaona vikombe vimelala kwenye sinki, akapandisha mikono ya sweta na kuanza kuosha. Dorini alisimama mlangoni kaduwaa. Shufaa, hapo, alitamani sakafu ifunguke immeze na mimba yake.

Alipomaliza vyombo, Bibie akaona jiko la chuma sebuleni, la kuni, safi na baridi. Akamtazama binti yake.

Shufaa akauliza, akasikiliza, akachukua muda kutafsiri. "Anasema mumewe ndiye aliyekuwa analeta kuni. Tangu amefariki hajaliwasha."

Bibie akapiga magoti. Kuni zilikuwa kavu kweli, hakuwa ameokota kwa kubahatisha, na moto ukashika mara moja. Dorini akakaa karibu na jiko, akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekibeba tangu baridi kali, na Bibie hakumnyamazisha, maana kwao msibani mtu haambiwi nyamaza. Akamshika bega tu. Baadaye Dorini akajifuta, akatazama ile kanga ya manjano sakafuni, akaanza kucheka. Alikuwa dirishani, akasema. Aliona mzigo wa kuni unatembea barabarani akadhani amechanganyikiwa. Shufaa akatafsiri, na Bibie akacheka hadi akajishika mbavu, na hapo Shufaa naye ikabidi acheke.

Wakanywa chai. Dorini akaulizia tumbo, la mwezi wa ngapi, na Bibie akamweleza mambo ya kuni: kwa msiba na kwa mzazi, ndivyo ilivyo, mtu asione yuko peke yake. Dorini alisikiliza kwa makini. Kabla hawajatoka akamuuliza Shufaa jina lake, akalirudia mpaka likakaa sawa mdomoni. Bibie alisikia hilo, akajifanya anatafuta viatu.

Neno la kurudi wote halikutajwa tena, ingawa halikuwa limekwisha moyoni. Kanga ilibaki kwa Dorini na Bibie hakuidai. Siku ya kuondoka alimkumbatia Shufaa, akaweka mkono juu ya tumbo. "Nakuacha, mwanangu," akasema. "Lakini sijatulia. Nisikudanganye."

Mwezi wa nane, Mafinga ikiwa na ukungu na foleni ya malori kando ya barabara, simu iliita Bibie akisonga ugali. Alikuwa Shufaa, sauti imechoka na inacheka. Mtoto wa kike, amezaliwa salama, wote wazima.

"Alhamdulillahi! Idrisa alikuwepo?"

"Alikuwa mbali, mama. Uchungu ulinishika nikiwa peke yangu." Shufaa akasita. "Nilivuka barabara. Nikabisha hodi. Mama Dorini alinipeleka na gari lake, na alikaa na mimi mpaka mtoto akatoka."

Bibie akaachia mwiko. Violet ikabidi aushike yeye, ugali usiungue.

"Kuna kingine, mama. Tumerudi leo kutoka hospitali. Nimekuta mzigo wa kuni mlangoni, umefungwa kwa ile kanga yako. Kumbe Mama Dorini alikwenda kuziomba kwa yule bwana wa msitu." Shufaa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Na nyumba hii ni ya umeme tupu, haina hata jiko la mkaa. Sasa nizifanyie nini?"

Bibie alikaa juu ya gunia la mchele. Machozi yalimtoka waziwazi mbele ya madereva wote, na wala hakujali.

"Usizifanyie kitu," akasema. "Ziache hapo hapo mlangoni. Kila anayepita aone kuwa mwanangu ana watu."