Matairi Marefu ya Gari Fupi

Katika ukoo wetu mtu hanunui tairi peke yake. Babu zetu waliletwa Isiolo wakiwa askari wa Mzungu, watoto wao wakashika malori, na tangu hapo tairi jipya ni jambo la kikao. Wazee huja dukani, huligonga kwa ngumi, huliketia, hulinusa, kisha humuuliza mwenye duka litabeba magunia mangapi. Wakiridhika huomba dua. Nimeona posa zikikubaliwa upesi kuliko tairi la nyuma la lori.

Sasa fikiria siku niliyowaita wazee hao kwa ajili ya gari la mbio.

Nililileta kutoka Nairobi likiwa limeshatumika, jekundu, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba kila tuta la mji huu lililikwaruza tumbo. Mimi ni karani wa kaunti mwenye kitambi, na hakuna mahali ninapohitajika kwa haraka. Lakini nililitamani gari la namna hiyo tangu ujana, na sioni kwa nini niombe radhi. Wenye maoni wako tele hapa mjini, nami niliwapuuza wote isipokuwa mmoja: baba yangu.

Baba aliendesha lori hadi Moyale miaka mingi kabla lami haijafika. Kila nilipomfungulia mlango wa gari langu, alilitazama kama mtu aliyeandaliwa chakula cha mgonjwa.

"Mimi siwezi panda kitu iko chini ya mbuzi," alisema, majirani wakacheka, naye akapanda pikapu ya ndugu yake.

Iliniuma. Nilitaka jambo moja tu: asubuhi moja baba yangu ashuke kutoka gari langu mbele ya kibanda cha chai wanapokaa madereva wazee, na wote waone.

Basi matairi yalipoisha yakawa kipara, nilifurahi badala ya kuhuzunika. Kwetu mzee anayepitisha tairi lazima apande safari ya kwanza, ili likipasuka lipasuke naye. Nilijua akikubali kuchagua hataweza kukwepa.

Tulikwenda duka la matairi mimi, baba na ami zangu wawili. Mwenye duka, mtu wa kutoka upande wa mlimani, alitukaribisha kwa tabasamu la kuona wateja wanne, kumbe mnunuzi ni mmoja.

"Habari zenu, wazee?"

"Salaam aleikum," ami mkubwa alijibu, macho yake tayari yako kwenye bidhaa.

Nilimwomba mwenye duka alete matairi ya gari langu: mapana, yenye ubavu mfupi, laini kwenye lami. Ami mkubwa akalipokea moja, akaligeuza.

"Hii ni tairi ama ni bangili?"

"Itabeba gunia ngapi?" akauliza ami mdogo.

"Adeer, hii gari haibebi gunia," nilisema, nikimwita ami kwa Kisomali chetu.

"Sasa inabeba nini?"

"Inanibeba mimi."

Walinitazama tumbo, wakatazamana. "Weka gunia mbili," ami mkubwa akasema, na hesabu ikafungwa.

Baba hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya matairi ya pikapu, yale ya meno makubwa yanayopeleka miraa, ameshika rafu. "Leta hii," alisema.

"Aabo, hiyo haiwezi kuingia," nilimwambia baba.

Mwenye duka, ambaye hakuwa amepima chochote, alisema inaingia bila shida. Wakafunga moja mbele. Nilipokata usukani kulia, tairi liliuma madigadi, bati la juu ya gurudumu, likakataa kuendelea.

"Inua springi," baba alisema.

Nilimweleza, kwa subira iliyokuwa ikinitoka, kwamba gari hili liliundwa likae chini ili lishike barabara kwenye kona.

"Kona gani?" ami mkubwa akadakia. "Hii barabara imenyooka mpaka Marsabit."

"Kama si hii," baba alisema polepole, "mimi sipitishi."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Niliwaza: mzee huyu hataki gari langu liwe gari langu, anataka lori dogo. Lakini asipopitisha hapandi, na asipopanda nimekosa yote. Nikakubali. Fundi alikuja akainua springi, wakafunga matairi manne ya pikapu, wazee wakainua mikono wakaomba dua. Tulipomaliza, gari langu la mbio lilisimama kama kuku aliyeingia matopeni. Kijana mmoja wa bodaboda alipunguza mwendo apate kuliona vizuri.

"Buda, hiyo ni spoti ama ni trekta?"

Kesho yake asubuhi baba alitoka amevaa kanzu safi na kofia. Alishika mlango, akajiachilia kitini kwa kishindo, akasema twende. Tulipita mjini tukirukaruka, matairi yakinguruma, na kila kona madigadi yalilia. Baba aliinua mkono kusalimu watu kama anayegombea kiti. Nilisahau hasira zote.

Kwenye kibanda cha chai madereva wazee walisimama kutuona, ami zangu wakiwa mbele. Nilizunguka mbio nikamfungulia mlango. Baba akatoa mguu mmoja, akashika mlango, akajikaza. Aliinuka kidogo, akarudi kitini. Akajaribu tena, akarudi. Kisha akaingiza mguu na kuvuta mlango.

"Endesha," alisema. "Tuzunguke kidogo."

Niliendesha hadi tukatoka mjini, karibu na Burat, ndipo aliponena, akitazama mbele.

"Magoti imekataa. Nikikaa chini siwezi simama. Hata swala nafanya nikikaa kwa kitanda, mlango nimefunga. Ami zako wasijue."

Niligeuza gari. Mwaka mzima nilikuwa nimemnunia kwa kulidharau gari langu, naye alichoogopa ni kushindwa kutoka ndani yake mbele ya watu. Nilimrudisha nyumbani, nikafunga geti, nikamkumbatia nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na aliniudhi kwa kuniambia niangalie mgongo wangu.

"Bado iko chini kidogo," alisema, akijipangusa kanzu.

Siku hiyohiyo nilirudi kwa fundi aliinue gari zaidi. Alinisihi nisifanye hivyo, akasema gari litapinduka hata likiwa limeegeshwa. Nilimwambia ainue, na kiti pia akiwekee mbao chini.

Wiki iliyofuata tulirudi kibandani. Ami zangu walilizunguka gari mara mbili.

"Kwani umeinua tena? Ya nini?"

"Barabara ya Oldonyiro ni mbaya, adeer."

"Oldonyiro unaenda kufanya nini?"

"Soko ya ng'ombe."

"Ng'ombe utaweka wapi, kwa dashibodi?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakaniita mjinga kwa lugha zote wanazozijua. Baba, bado kitini, alicheka kuwashinda. Kisha akatoa miguu yote miwili nje, akasimama mwenyewe, akaenda kuagiza chai.