Nilicheka Walipotaka Picha ya Kisogo

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Mkitaka kunitukana, nitukaneni tu.

Binti yangu alizaliwa tukikaa hapa Kabiro. Kila akinyonya alipaliwa, maziwa yakamtoka puani, na kilio chake kilikuwa cha kukwaruza. Daktari akampapasa kichwa na shingo, akasema apigwe MRI, picha ya nyuma ya kichwa. Tukapewa siku.

Jamani, nilicheka! Mtoto ana shida kooni, wewe unataka picha ya kisogo?

Jirani yangu, mama mtu mzima wa kwetu Kitui, akaniunga mkono. "Hiyo ni kilimi, mama. Imekuwa refu, inamziba. Hao watu wa mashine watakusumbua tu. Twende Silanga, kuna mzee anakata vizuri."

Siku ya picha, mume wangu akiwa kazini, nikambeba mwanangu hadi Silanga. Mzee akampanua mdomo, akakikata kile kinyama cha kooni. Damu ilipotoka nilifumba macho. Ole wangu!

Kesho yake hakulia. Nikamwita jirani, "Amepona! Kuja uone!" Kumbe mtoto hakuwa na nguvu za kulia. Mara kifua kikawa kinatulia, midomo inageuka bluu, hadi nimtikise ndipo avute pumzi.

Nikakimbia naye hospitali, picha ikapigwa. Daktari akanionyesha kwa kompyuta: ubongo wa nyuma umeteremka hadi ndani ya shingo, umebana mishipa ya kumeza na kupumua. Alizaliwa hivyo. Kilimi hakikuwa na kosa lolote!

"Mngekuja siku ile, tungemfanyia upasuaji mapema," akasema. "Sasa kilichoharibika hakirudi."

Yuko hai, kama huko ni kuishi. Analishwa kwa mpira wa puani. Halii wala hacheki.

Mume wangu nilimwambia foleni ya mashine ndiyo iliyotuchelewesha. Akimpa maziwa kwa sindano kupitia mpira huo, huwa anawalaani watu wa hospitali: "Hawa watu walituwekea mtoto kwa laini mpaka akaharibika." Nami namwitikia, "Ni kweli, baba." Najichukia!

Mama mwenzangu, ugonjwa unaweza kukaa mbali na pale unapouona. Ukiambiwa mtoto apigwe picha, mpeleke, hata kama huelewi.

Na wewe baba wa mtoto wangu, ukisoma hapa ukanitambua, hakukuwa na foleni. Jina la binti yetu liliitwa, mimi nikiwa Silanga.