Jina Lililozaliwa Msituni

Kila nikifagia majani yaliyolowa mlangoni, harufu yake hunirudisha kwenye shule yetu ya Winson Green, huku ughaibuni, kwa msichana wa Kichina niliyekaa naye meza moja.

Siku moja alinichorea jina la ukoo wao, Lin: miti miwili imesimama bega kwa bega. Zamani sana, akasema, mfalme alimuua mtu mwema. Mkewe, mjamzito, akakimbilia msituni na kujifungulia humo. Mtoto akapewa jina la miti iliyomficha. Na kwao jina hilo hutangulia, la mtu mwenyewe hufuata nyuma.

Nami nikamnong'oneza langu la nyumbani, la Kijaluo, ambalo hata mwalimu hakulijua. Hupewa mtoto aliyezaliwa njiani. Mama alinizaa kando ya barabara, hospitali ikiwa bado mbali.

Huku kazi ya Mama ilikuwa kuogesha wazee, na wasichana wakubwa shuleni waliziba pua kila nilipopita. Nilitaka wapate mwingine wa kumcheka.

"Huyu kwao wanazaliwa kichakani kama mbwa," nikawaambia wakati wa mapumziko, nikimwonyesha mwenzangu wa meza. "Mwulizeni jina lake."

Wakamsukuma ukutani, wakamjaza majani machafu hadi ndani ya sweta, huku wakibweka. Mimi nilibweka kuwashinda wote.

"Na wewe ulizaliwa wapi?" mmoja akanigeukia ghafla.

"Hospitali."

"Kweli?" akamwuliza yule wa Kichina.

Akanitazama, majani yamemjaa nyweleni.

"Kweli," akasema.