Injini ya Barasa Kabla ya Kunyolewa

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu mimi nilikuwepo na macho yangu yalikuwa mazima. Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado kali, nyumbani kwetu Tongaren, miaka ya themanini.

Kakangu Barasa alifanya kazi kwa mzungu mmoja Kitale, mtu wa kurusha ndege ndogo za mbao. Mzungu aliporudi kwao alimwachia injini mpya ya hizo ndege, inatoshea kiganjani. Kila Jumapili Barasa aliifunga kwenye ubao akaipa mafuta mengi, itoe moshi tu, ilainike bila haraka, maana injini mpya ukiikimbiza inaungua. Hata haijalainika, homa ya mapafu ikamuua.

Tulimzika Ijumaa. Kwetu Wabukusu vitu vya marehemu haviguswi mpaka siku ya tatu, familia inyolewe nywele na wazee wavigawe. Nilijua, sikudanganyi. Lakini baba alikuwa mgonjwa kitandani, hataki kula, haongei. Jumamosi ndipo akanishika mkono, akasema: "Niwashie ile kitu ya Barasa. Niisikie mara moja tu." Wewe ungefanyaje?

Nilikuwa fundi wa gereji Kibomet, nikajiona najua. Nikaunganisha betri kwenye plagi, nikapiga propela kwa kidole mpaka damu ikatoka. Inakohoa, inazimika. Nikakaza sindano ya mafuta, ile skrubu ya kuyapunguza, ili ishike kasi. Ikapiga kelele, ikachemka, ikafa. Nililia, bana, mtu mzima na ndevu zangu.

"Unainyima mafuta," mtu akasema nyuma yangu. "Si nilikuambia bado ni mpya?"

Alikuwa amevaa ile suti tuliyomzika nayo. Niamini. Akachuchumaa, akalegeza sindano mizunguko miwili, akagusa propela. Injini ikanguruma, moshi ukajaa uani. Akaikaza pole pole, akisikiliza, mpaka sauti ikawa moja, safi. Kidole chake kilipita katikati ya propela ikizunguka, na propela haikusita.

Ndani nikasikia baba akicheka. "Barasa! Umekuja?"

"Nimekuja, baba," akajibu, akaingia.

Nilipofika mlangoni, baba alikuwa peke yake. Shavu lake lilikuwa bado na joto, lakini pumzi hakuna.

Gereji niliacha. Mashine ya kusaga ikiwashwa popote, naondoka. Ndugu zangu wanadhani mzee alijifia tu, na sijawahi kuwaambia ni mimi niliyewasha ile injini.

Mgonjwa wako akikuomba kitu cha marehemu ambacho hakijagawanywa, mkatalie. Atakukasirikia. Wacha akukasirikie, lakini awe hai.